Sauti Niliyokataa Kuifuta

Nianze na ukaidi wangu, maana bila huo sina la kusimulia. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Kasaji, Katanga, mwanamke mwenye akili zake timamu, na kila Jumamosi nilikwenda kukaa kwenye nyasi kando ya reli, kamera begani, nikingoja treni ipite. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenilipa. Padri mmoja mzee, Mzungu aliyependa treni kuliko alivyopenda kuhubiri, aliitwa kurudi kwao, na kabla ya kuondoka aliniachia kamera yake ya vidio, betri mbili na sanduku la sabuni lililojaa kaseti. Alinipa mimi kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimemsumbua kwa maswali: kwa nini mashine za upande wa Tenke zinavuta bila moshi na za kwetu zinatoa moshi, kwa nini nyingine zinapiga honi mara mbili na nyingine mara moja. Watu waliniona nimerukwa na akili. Mama yangu alisema afadhali ningekunywa pombe, maana mlevi angalau anaeleweka.

Darasani nilikuwa mkali, na kando ya reli nilikuwa mkali zaidi. Ukipita mbele ya kamera yangu treni inapokuja, nilikutukana, uwe mtoto au mzee wa kanisa. Nilitaka treni na mahali inapopita, basi. Watu niliwaona kama uchafu kwenye kioo. Nilikuwa na kaseti za saa nyingi ambazo ndani yake hamna uso wa mtu hata mmoja, na kwa miaka mingi nilijipiga kifua kwa jambo hilo.

Mume wangu nilimpata hivyo hivyo, kwa kumtukana. Alikuwa fundi wa mashine za treni, ameletwa Kasaji kwa muda, na siku hiyo alisimama na kopo lake la mafuta mbele yangu kabisa wakati treni ya madini ya manganizi kutoka Kisenge inaingia. Nikamwambia aondoe mgongo wake. Hakuondoka. Aligeuka, akaniangalia mimi, akaiangalia kamera, akasema taratibu:

"Mama, ile mashine habaifilmake ku huu upande. Ku huu upande iko na kidonda. Kuya kule."

Alikuwa anasema isipigwe filamu upande ule, na kweli, ubavuni mwa mashine kulikuwa na bamba lililopigwa viraka vibaya. Nilihama nikaenda upande wa pili, na treni ikatoka vizuri ajabu. Hakuna mwanamume aliyewahi kunitongoza namna ile, na mwenyewe hakujua kama ananitongoza. Tulioana kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Kwa kuwa nilikuwa mke wa mtu wa reli, niliruhusiwa kusafiri, nami nilisafiri kupita kiasi. Nilipiga filamu tambarare za Kasaji, ambako wakati wa kiangazi nyasi zinakuwa za njano na treni unaiona muda mrefu kabla hujaisikia. Huko Kisenge nilipiga mabehewa meusi yakitoka mgodini, na wafanyakazi wakishuka wakiwa na vumbi la manganizi hadi kwenye kope. Karibu na Mutshatsha miti inaisonga reli, na mashine inakutokea ghafla majani yakiwa yamenasa mbele yake kama vile imetoka kulima. Mara mbili askari walinikamata wakidhani ninapeleleza reli. Mara zote mbili mume wangu alikuja kunitoa, akiwa amejikaza asicheke, akiwaambia kwamba mke wake ana ugonjwa na dawa yake ni treni.

Baadaye alihamishiwa Kolwezi. Tukapata nyumba Dilala, moja ya zile nyumba za zamani za kampuni ya migodi zenye ukuta mfupi mbele, nami nikapata darasa katika shule ya karibu. Tulikuwa na watoto wawili, wote wasichana. Jumapili baada ya misa majirani walikuja kwetu kuangalia treni. Watu wanaoishi hatua chache kutoka relini wanavaa viatu, wanakuja kuitazama reli kwenye televisheni! Lakini kila mmoja alikuwa anatafuta kwao. "Ona, ona, njo kwetu pale, nyuma ya ule muti," mama mmoja alikuwa akisema, na kuniomba nirudishe nyuma, nami nilirudisha hata mara nne. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyowahi kuipata kwa wazimu wangu, na niliipenda mno.

Kaseti waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya daraja la Lualaba. Hata mimi sikuwahi kupiga nyingine inayoikaribia. Mume wangu ndiye aliyenipangia kila kitu: dereva wa mashine alikuwa rafiki yake, mtu wa kwao, na walikubaliana kwamba akifika katikati ya daraja apige honi ndefu. Nikaweka kamera chini mtoni, maji upande mmoja na chuma upande wa pili. Treni ikaja, mashine ya umeme iliyooshwa, na shaba nyuma yake. Honi ikalia, kisha ikanyamaza, na bonde likaijibu mara moja, likaijibu mara ya pili, halafu mara ya tatu kwa mbali sana, hafifu. Nilibana pumzi nisiiharibu. Na ndani ya mwangwi ule wa tatu mume wangu, aliyesimama hatua mbili kutoka nilipo, akashindwa kujizuia. Akainua mikono yote miwili akapaza sauti kumwita dereva:

"Moyo wenu, bana betu! Moyo!"

Kisha akacheka. Nilimnunia njia nzima mpaka nyumbani, kwa sababu alikuwa ameniharibia mwangwi.

Kwetu tunaosema Kiswahili, moyo ni moyo, huu unaodunda. Kwa Waluba wa Kasai ni salamu, na bana betu ni ndugu zetu. Ukimsikia mtu anasema "moyo" kama wewe unavyosema "jambo", umejua baba yake alitoka wapi. Waluba wa Katanga, walio kaskazini kuanzia Kamina, hawasalimiani hivyo, ingawa jina la kabila ni moja na mtu wa mbali anaweza kudhani ni watu wamoja. Na mume wangu alikuwa katikati hapo. Baba yake aliletwa na kazi ya reli kutoka Kasai, jimbo la jirani, yeye akazaliwa Kamina, akakua na watoto wa pale, akaijua lugha yao mpaka matusi na utani wake. Kule Dilala aliposema "Mi ni wa Kamina" hakuwa anadanganya. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na wakati ule hapakuwa na sababu ya kuuliza.

Halafu sababu ikaja. Migodi ilianza kufa mmoja baada ya mwingine, mishahara ikawa hadithi, walimu tukafundisha tukiwa tumekula mihogo ya jana au hatujala. Askari waliiba mjini mchana kweupe, na raia wakaiba nyuma yao. Treni zikapungua. Nilikaa kando ya reli siku nzima nikarudi na kaseti tupu, na mume wangu akaniambia huko karakana wanatoa vyuma kwenye mashine moja ili nyingine itembee, na sasa hata hiyo nyingine imesimama. Watu walikuwa na njaa na hasira, na wakubwa wakawaonyesha pa kuipeleka hasira hiyo. Kila siku redioni tuliambiwa kwamba watu wa Kasai wamekula kazi zetu, nyumba zetu, shaba yetu. Mitaani wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Nilisikia wanafunzi wangu wa darasa la tatu wakilitamka neno hilo wakati wa mapumziko, wakiruka kamba. Niliwachapa. Wazazi wao walikuja kuniuliza kwa nini.

Vijana wa chama cha wakubwa hao waliwekwa mwanzo wa kila barabara. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina na vijiji. Kwetu waliandika: mwanamke, Mlunda wa Kasaji, mwanamume, Mluba wa Kamina. Wakamsemesha kwa lugha ya Kamina, akawajibu kwa mzaha, wakacheka, wakaondoka. Wenzake wa karakana waliokuwa wanajua ukweli, wengi walikuwa watu wa Kasai wenyewe na walikuwa wameshafukuzwa. Waliobaki, pamoja na majirani walioisikia salamu ile Jumapili, walimpenda, wakanyamaza. Jioni ile alikaa kwenye kiti akaniambia:

"Sauti yangu ya ku daraja. Uifute."

Nikasema ndiyo.

Lazima niliseme sawasawa hapa, maana nimelizunguka maisha yangu yote. Kwenye kaseti zile huwezi kuifuta sauti ya mtu mmoja ukaiacha ya honi. Ukifuta, unafuta zote. Linabaki daraja bubu na treni bubu inayopita juu yake kama kwenye ndoto ya mgonjwa. Nilikaa na kaseti ile mapajani siku mbili. Mashine ile ilikuwa imeshakufa, dereva wake alikuwa ameshafukuzwa na watoto wake sita, na nilijua kabisa sitapata tena honi ile katika bonde lile. Basi nikaiacha. Badala yake nikajifundisha kupunguza sauti ya televisheni mahali pale: honi ikinyamaza, bonde likijibu mara ya kwanza, mkono wangu unakwenda kwenye kitufe. Niliijaribu mara kumi nikiwa peke yangu, na mara zote kumi iliniendea vizuri.

Mume wangu aliponiuliza kama nimefuta, nilimwambia, "Nilishafuta zamani." Akanishukuru.

Jumapili moja, umeme ukiwa umerudi baada ya siku nyingi, majirani wakaja kama zamani, wachache, kimya kuliko zamani. Pamoja nao alikuja yule kijana mkubwa wa barabara yetu, aliyekuwa anaandika majina. Alikuja na adabu zake zote. Alivua kofia, akamsalimia mume wangu "tata", yaani baba, akaniambia amesikia nina daraja la Lualaba, na baba yake marehemu alifanya kazi ya kupaka rangi vyuma vile, anaomba alione. Ningeweza kusema kaseti imeharibika. Ningeweza kusema lolote. Lakini mtu amekuja nyumbani kwangu kuomba kuona kazi yangu nzuri kuliko zote, nami nilijisikia vizuri mpaka nikasahau yeye ni nani. Nikaitia kaseti.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametulia, kwa sababu aliamini mimi nilishafuta.

Treni ikaanza kutokea. Yule kijana alisogeza kiti mbele. Honi ikalia, akasema, "Mama, ongeza kiloko, tusikie muzuri." Nami niliongeza kidogo. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, na badala ya kushuka ulipanda, kwa sababu aliniomba na kwa sababu ni honi yangu. Bonde likajibu mara ya kwanza. Nilitakiwa kushusha hapo. Nilimwangalia kijana usoni, nikaona amefumba macho, anasikiliza kabisa, anasikiliza kama mimi ninavyosikiliza, na nikajiambia asikie na ya pili. Likajibu mara ya pili. Nikasema ya tatu kidogo tu, mwanzo wake, halafu nashusha.

"Moyo wenu, bana betu! Moyo!"

Sauti ikajaa chumba, kisha kicheko chake. Nilishusha mpaka mwisho lakini imeshatoka. Kwenye televisheni mabehewa yaliendelea kupita juu ya maji bila sauti, mengi, sijui kwa nini siku ile nilipiga treni ndefu vile. Mama mmoja alimchukua mtoto wake akatoka bila kuaga.

"Mama," kijana akasema, "ni nani ule?"

"Ni dereva," nikasema.

"Dereva alikuwa mu mashine, kule yulu. Huyu alikuwa pembeni yako."

Ni kweli, dereva alikuwa juu darajani. Mimi, mwenye mdomo wa kutukana wazee wa kanisa, niliinama nikaitoa kaseti. Mume wangu hakumwangalia kijana. Aliniangalia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuona hasira; nilichoona ni mtu anayejaribu kuelewa kitu na hakielewi. Kisha akasema:

"Ni mi."

Kijana akasimama akavaa kofia. "Asante ya kutuonyesha, mama," akasema, na nadhani alimaanisha. Kesho yake asubuhi walikuja kumi na wawili, wakampa mpaka saa sita mchana awe ameondoka.

Katika saa zile chache hatukuzungumza juu ya kaseti. Tulizungumza juu ya watoto. Kwa watu wake mtoto ni wa baba, na kumwacha mtoto kwa ukoo wa mama ni kama kumtupa. Kwetu Walunda mtoto ana nyumba kwa mama yake, na vijana wale walijua hivyo. Walisema wasichana wabaki, "ni ba kwetu". Nilisema tunakwenda wote. Alikataa. Alikuwa ameshaona stesheni ilivyo, pale waliofukuzwa walipokuwa wakingoja treni ya kwenda Kasai, na alijua treni zipo ngapi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anazitengeneza. Aliwaita wasichana, akawawekea mkono kichwani, akaniambia mbele yao: "Ni ba kwenu. Ubalishe." Sijawahi kumwona mtu akitoa kitu kikubwa namna hiyo kwa maneno machache hivyo. Alichukua blanketi, sufuria ndogo na spana zake.

Stesheni ya Kolwezi sitaieleza sana. Maelfu ya watu walikuwa wamelala kati ya reli na ukuta, chini ya maturubai, chini ya milango iliyong'olewa nyumbani kwao, chini ya hewa. Walikaa hivyo wiki, na wengine miezi. Mvua ilinyesha juu yao. Watoto waliugua surua na kuhara, wakazikwa hapo karibu. Kila siku nilimpelekea bukari, yaani ugali, na mboga, nikipita kati ya vijana walioniita mke wa kilulu. Hasira yangu yote iliyonisaidia maishani haikunisaidia hapo. Nilipita nimeinamisha kichwa kama mwizi, na ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya tisa nilimwambia. Nilipiga magoti kwenye kokoto nikamwambia sikufuta, kwa sababu ya mwangwi. Alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa pale."

"Unanichukia?"

Alifikiri. Sikupenda kwamba alifikiri. "Mwangwi ulikuwa muzuri," akasema mwishowe, na akanirudishia sahani. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nimeigeuza sentensi ile kila upande, nayo haina mlango.

Unga ulipokwisha kabisa niliibadilisha kamera. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa kutoka mashariki mwenye lori, aliichukua na betri zake akanipa magunia mawili ya unga wa mahindi, na kwa huruma akaongeza samaki wakavu. Alitaka na kaseti. Nilimwambia zimekwisha. Nilizitia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, zote, nikamwaga mafuta ya taa nikawasha. Zilitoa moshi mbaya mweusi, na majirani wakafunga madirisha.

Siku treni ilipokuja nilikuwa nimekwenda Musonoi kutafuta mihogo. Ratiba haikuwepo tena. Treni ilikuja ikitaka, baada ya wiki tatu, baada ya wiki nne. Nilikuwa njiani kurudi, karai kichwani, niliposikia mabehewa yanagongana yakianza kuvutwa. Nilitupa karai nikakimbia. Maisha yangu yote nilijua treni inafika lini, niliwahi kungoja saa kumi kwenye jua nisiikose moja, na ile niliikosa. Nilipofika, behewa la mwisho lilikuwa limeshapita alama ya treni iliyo nje ya stesheni. Yalikuwa mabehewa ya wazi, ya mizigo, na watu wamejaa mpaka juu ya kingo, nyuso tupu, nyuso nyingi zinatazama nyuma kuelekea mjini. Nilitafuta uso mmoja na sikuupata. Kwenye kokoto pale alipokuwa analala nilikuta sufuria, imeoshwa.

Ulipita mwaka mzima na zaidi. Nilifundisha bila mshahara, nililima nyuma ya nyumba, nilimpiga binti yangu mkubwa kwa sababu aliuliza jambo ambalo hakustahili kupigwa kwa kuliuliza. Niliandika barua kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa ndugu zake, nikampa kila msafiri aliyekubali kuipokea. Hakuna iliyojibiwa. Kisha siku moja alikuja shuleni mfanyakazi wa breki wa treni, mzee mwembamba, akasimama mlangoni mwa darasa mpaka nikamaliza hesabu. Alikuwa kwenye treni ile.

Aliniambia mashine iliwafia njiani kati ya Tenke na Kamina, kwenye mteremko, porini. Walikaa siku nne bila maji. Mume wangu alitoa spana zake, akaingia chini ya mashine, akafanya kazi siku mbili pamoja na fundi mwingine, na mashine ikawaka. Lakini alikuwa ameshaanza kuharisha tangu Kolwezi. Usiku wa nne akafa. Wakamzika asubuhi, haraka, kwa sababu mashine ilikuwa inaunguruma na dereva aliogopa kuizima.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Pembeni ya reli, mama."

"Pembeni ya reli wapi? Karibu na stesheni gani?"

"Mama, ilikuwa pori. Kulikuwa nyumba ya zamani ya batu ba reli, haina toit," yaani paa. Akafikiri. "Na majani murefu."

Nilimuuliza upande gani wa reli, kulia au kushoto mtu akielekea Kamina. Akafumba macho akajaribu kweli kweli, mzee wa watu, nikaona anavyojaribu. Akasema hakumbuki. Kulikuwa na watu wengi waliozikwa siku zile.

Nilisafiri miezi mingi baadaye, treni ilipopatikana, nikiwa peke yangu. Nilikaa mlangoni mwa behewa. Baada ya Tenke nchi ni pana, nyasi na vichuguu, kisha inaanza kushuka, na kando ya reli kuna nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, ndogo, za matofali, zilizojengwa wakati wa Wabelgiji kila baada ya masafa fulani. Nilikuwa nimeipita njia ile mara nyingi, kamera begani, na nyumba zile sikuwahi kuziangalia, kwa sababu zilikuwa zinakaliwa na watu. Sasa karibu zote hazina paa. Nilihesabu saba, kisha nikaacha. Majani marefu yalikuwa kila mahali, pande zote mbili.

Treni iliposimama kwa sababu zake nilishuka na kifurushi changu, nikatembea kwenye reli mpaka nyumba ya kwanza. Hapakuwa na kitu. Nikaenda ya pili, jua likiwa kali, nikakuta mawe lakini yalikuwa ya jiko. Kwenye ya tatu nilichoka. Nilikaa chini kwenye majani, upande wa kushoto mtu akielekea Kamina, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa na kivuli, na nikaamua kwamba ni hapo. Nilikusanya kokoto za reli nikazipanga kama urefu wa mtu. Nikasali. Nikamsalimia kwa salamu ya kwao, kwa sauti ndogo, na hakuna kilichojibu.

Binti zangu wamekua. Nimewapeleka pale mara mbili. Wanapanda maua, wanang'oa nyasi, mdogo anamweleza baba yake habari za watoto wake, na mkubwa amechonga msalaba wa chuma wenye jina. Wananishukuru kwamba nililitafuta kaburi mpaka nikalipata. Mimi nasimama nyuma yao, nimeshika chupa ya maji, na sijawaambia kwamba nilichagua tu.